Mvua ya kwenye mkanda

Mama yangu alipoacha kuona, barua zangu zikawa zinasomwa na mdogo wangu wa kiume. Huyu ni mwalimu wa shule ya msingi, na barua anaisoma kama anavyosahihisha daftari: akiona sentensi haina maana kwake, anairuka. Mama aliligundua hilo mapema. Akamwambia aniandikie hivi: "Mwambie dada yako aache kuandika. Aseme. Macho yamekwenda, lakini masikio Mungu kaniachia."

Basi tukaanza kutumiana kaseti. Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, tumeshahamia Vårby gård, upande wa kusini wa Stockholm, kwenye yale majengo marefu yaliyokuwa mapya wakati ule na bado yananuka rangi. Mume wangu alikuja Sweden kabla yangu kujifunza kazi ya mashine, akapata ajira kiwandani, nami nikamfuata. Binti yetu akazaliwa hukuhuku. Mama yangu hakuwahi kumshika. Picha tulituma, lakini zilifika macho yake yameshaingia ukungu. Ile ya mwisho, mdogo wangu aliniambia, mama aliishika juu chini, akaiangalia muda mrefu, akasema, "Amekua."

Kwa hiyo alichokitaka mama hakikuwa kikubwa. Hakutaka fedha wala kitambaa. Kwenye kaseti yake ya kwanza alisema, "Nipe sauti ya mjukuu wangu nimjue. Nisije nikafa, nikakutana naye huko mbinguni, nikampita kama mtu baki."

Nilipolisikia neno hilo nilizima mashine nikaingia chumbani kuomba.

Mashine yenyewe mume wangu aliinunua kwa mwenzake kazini. Ilikuwa ya kubeba, kubwa kiasi cha Biblia ya madhabahuni, ina mkono wa kushikia, kitufe chekundu cha kurekodia, na kipaza sauti chenye waya. Mimi nilikuwa nafanya usafi hospitalini, na jioni mbili kila wiki nakwenda darasani. Kwanza nilisoma Kiswidi, baadaye na masomo yale niliyoyaacha nyumbani nikiwa darasa la nne. Mwalimu wa jioni alitushauri tujirekodi tukisoma kwa sauti, tusikie makosa yetu. Nilijirekodi mara moja tu. Nilivyojisikia, nikaona heri nibaki na makosa yangu.

Jioni ya kumrekodi mtoto, nilimkalisha kwenye meza ya jikoni. Alikuwa na miaka minane. Kiswahili alikuwa anakisikia chote, huwezi kumsengenya mtu mbele yake, ila kujibu anajibu kwa Kiswidi. Nikabonyeza kitufe chekundu, nikamwambia, "Haya, msalimie bibi."

Akakishika kipaza sauti kwa mikono miwili, akasema kwa sauti kubwa, safi, kama mtu anayetoa matangazo kanisani: "Marahaba, bibi!"

Kosa lilikuwa langu. Wageni wakija nyumbani kwetu, mimi ndiye nilikuwa namsemea. "Mwanangu anakuamkia, shikamoo," nasema mimi, na mgeni anainama, anamshika kidevu mtoto, anatabasamu, "Marahaba, mwanangu." Neno lililokuwa linamfikia yeye usoni, na tabasamu juu yake, ni marahaba. Akajua hiyo ndiyo salamu. Nani angemlaumu?

Ningefuta. Sikufuta. Nilisema moyoni, mama atacheka, na kucheka ni dawa. Nikaifunga kaseti ndani ya soksi, nikaituma.

Jibu lilifika karibu na Krismasi. Tukakaa jikoni wote watatu. Nikabonyeza, na ua lote la nyumbani likamwagika mezani: kuku, ndoo, sauti za mashangazi, mtoto wa mtu analia. Halafu mama yangu: "Weee! Mmemsikia? Shikamoo, mama mkubwa! Shikamoo tena! Mke mwenzangu kaniweza leo, anataka aamkiwe yeye! Mzungu huyo!" Hapo watu wakaangua kicheko, na mmoja akapiga kigelegele.

Mimi na mume wangu tulicheka mpaka machozi. Bibi na mjukuu ni watani, hiyo kila mtu kwetu anajua. Bibi asipokutania ndiyo ujue hakupendi. Lakini mwanangu utani angeujulia wapi? Bibi wa wenzake wa hapa anakuja Jumapili na keki, anauliza habari za shule. Yeye alichosikia ni kundi la watu asiowajua wanamcheka, na neno mzungu.

Akasimama. "De skrattar åt mig," akasema. Wananicheka.

"Hawakucheki, mwanangu. Wamefurahi."

"Wananicheka," akarudia kwa Kiswidi chake, polepole, kama mimi ndiye nisiyekielewa. Akasema hatasema tena ndani ya mashine ile. Kamwe. Akaenda chumbani kwake, akafunga mlango bila kuubamiza. Angeubamiza ningejua kwamba yatapita.

Hayakupita. Mwezi wa kwanza mama akauliza, "Mke mwenzangu yuko wapi? Amenuna?" Mwezi wa pili hakutania tena. Alisema tu, "Na mtoto naye hajambo?" akakaa kimya kidogo, kuku wakasikika, akaendelea na mambo mengine. 

Rafiki yangu mmoja Mkenya, tuliyekuwa tunasali naye, mkazi wa Hallonbergen, aliniona sina raha nikamweleza. Akaninyanyulia mkono.

"Mtoto wa miaka minane akushinde? Huyo ako na maringo tu. Mwambie hakuna peremende mpaka aongee."

"Sauti ya kulazimishwa mama ataijua," nikamwambia.

"Na asipoongea milele?"

"Nitaomba."

"Omba, dada, lakini peremende ficha pia."

Sikuficha. Mimi nikishakabidhi jambo kwa Mungu sipendi kumshikia fimbo pembeni. Lakini nakiri kwamba wiki nyingine niliomba nikiwa nimekasirika.

Sasa niseme habari ya jina la mahali, maana ndilo lililozaa yote yaliyofuata. Mama aliniuliza kwenye kaseti, hapo mnapokaa panaitwaje, na maana yake nini? Kwetu mahali pana maana. Mimi, na kamusi yangu ya masomo ya jioni, nikajiona msomi. Nikalivunja jina vipandevipande. Vår, hayo ni yale majira yao ya baada ya baridi, mwezi wa tatu mpaka wa tano. Na sisi mwezi wa tatu mpaka wa tano tuna nini? Masika. By ni kijiji. Gård ni shamba. Nikamwambia mama kwa kujiamini kabisa: "Tunakaa Shamba la Kijiji cha Masika." Sikusema kwamba tunakaa ghorofa ya sita, na kwamba shamba pekee ninalolima ni vyungu vitatu vya maua dirishani.

Baridi ya mwaka ule ilikuwa ndefu. Ilipoanza kulegea, binti yangu akarudi kutoka shuleni na karatasi yenye picha za ndege. Mwalimu wao amewaambia wasikilize nani amerudi kutoka nchi za joto na waandike siku. Jioni hiyo akasimama mlangoni mwa jikoni, akauliza kama anaweza kuazima mashine. Aliuliza akiangalia pembeni.

Nikaendelea kumenya viazi.

"Ya nini?"

"Fåglarna." Ndege.

"Chukua. Ila mimi ndiye nitakayeibeba."

Nilifikiri hivi: kama mama hawezi kupata sauti ya mjukuu wake, basi angalau apate anachokisikia mjukuu wake. Masikio yao yakutane, midomo itafuata. Hilo sikumwambia mtu.

Jumamosi tukatoka saa kumi na moja alfajiri. Njia inashuka nyuma ya majengo mpaka ziwani. Barafu ilikuwa bado imelala katikati ya maji, imegeuka rangi ya kijivu, kingoni imeachana na nchi kavu. Kila paa lilikuwa linadondosha. Binti yangu alitangulia na kipaza sauti, mimi nyuma na mashine, waya umetuunganisha kama ng'ombe na mchungaji, na mchungaji hakuwa mimi.

Akasimama. Juu ya antena ya televisheni alikaa ndege mmoja mweusi, mdomo wa njano. Koltrast, akaninong'oneza. Nikabonyeza.

"Tyst, mamma!" Kimya, mama.

"Sijasema kitu."

"Koti lako."

Kweli, lilikuwa koti la nailoni, nikiinua mkono linalia kama mfuko wa karanga. Akaniamuru nilivue. Nikasimama na sweta peke yake kwenye baridi ile, nimeshika mashine, najisemea, hii nayo ni ibada. Tukaanza upya. Baada ya muda akazima, akarudisha nyuma mkanda, akasikiliza, akanigeukia na macho makali.

"Mamma, du sjunger."

Mimi, naimba? Akaniwekea. Na kweli, chini ya sauti ya yule ndege alikuwepo mtu anaguna wimbo wa kanisani, ubeti wa kwanza wote. Nilikuwa sijui kabisa. Akanipeleka hatua kumi nyuma, akaninyooshea kidole, "Stå där," simama hapo, kama ninavyomwambia yeye kwenye foleni dukani.

Basi nilisimama pale. Sikuwa na la kufanya ila kusikiliza. Nilikuwa nimeshakaa nchi ile miaka mingi, na siku zote nikisema kwamba ni nchi isiyo na sauti. Ndani ya treni watu wamenyamaza, kwenye ngazi wamenyamaza, hata mvua yao inanyesha kwa adabu. Kumbe nilikuwa sijaamka mapema vya kutosha. Yule mweusi wa kwenye antena alikuwa anaimba kitu, anakaa kimya, kama anasubiri mtu amjibu, halafu anaimba kingine ambacho hajakiimba bado. Mbali, mwingine alikuwa anajibu. Barafu ilikuwa inalia chini kwa chini kama mlango wa zamani. Na maji yanadondoka, yanadondoka, kila paa na mwendo wake. Nikamshukuru Mungu kwamba ananiacha nisikie, tena nikiwa bila koti.

Tulikwenda Jumamosi nne. Alichokichukia binti yangu ni barabara kuu. Inapita karibu na kwetu, magari hayakatiki hata Jumapili, na kila tukisikiliza kanda, chini ya ndege kuna mvumo. "Det brusar," analalamika, inavuma. Tukajificha nyuma ya mwamba, tukashuka bondeni, mvumo upo. Na mashine yenyewe ilikuwa na tabia yake: pakiwa kimya inajitafutia sauti, inaikuza hata kelele ya mkanda wenyewe, shhhh, mpaka ndege atakapoimba tena. Alirekodi akafuta, akarekodi akafuta. Vidole vyake vilikuwa vyekundu kama nyanya. Mwisho akapata upande mmoja wa kaseti alioukubali, akaandika majina ya ndege kwenye karatasi kwa mpangilio, kwa herufi za shule.

Mimi niliongeza maneno machache mwanzoni. "Mama, shikamoo. Masika yameanza huku. Sikiliza. Aliyerekodi ni mjukuu wako." Nikaituma.

Jibu lilifika mwishoni mwa mwezi wa tano. Binti yangu alijifanya anafanya hesabu za shule mezani, lakini penseli haikuandika kitu.

"Mwanangu," mama akaanza, na sauti yake ilikuwa changa, sijaisikia hivyo tangu macho yamwache. "Mwanangu, nimeisikia mvua yenu! Imeanza kidogokidogo, nikasema, itakatika hii. Haikukatika! Upande mzima wa kaseti! Ndege wawili watatu wamejibanza mahali wanalia, maskini, lakini mvua ile imeshika. Huku kwetu masika ya mwaka huu yametuacha, mahindi yamesimama kama wazee. Nikamwambia mdogo wako, rudia. Tumeisikiliza mara nne. Majirani wamekuja na vigoda. Jumapili nimesimama kanisani nimetoa shukrani kwa ajili ya mvua ya shamba lenu. Sasa niambie, mmepanda nini?"

Mume wangu akaweka kiganja mdomoni, akatoka kwenye baraza la ghorofani kucheka huko na kufunga mlango wa kioo. Nilimwona mabega yanatikisika.

Binti yangu hakucheka.

"Mvua?" akasema. Kwa Kiswahili. Neno lile moja nililisikia kama kikombe kimeanguka. Halafu akarudi kwenye Kiswidi, maneno yanakimbizana: mvua gani, hapakuwa na mvua hata siku moja, alisubiri siku kavu makusudi, ile ni barabara, ni magari, na yule ndege bofink yuko pale wazi kabisa, na koltrast, na bibi anasema wawili watatu, walikuwa kumi na mmoja!

"Mwache bibi na mvua yake," nikamwambia. "Amefurahi. Hujasikia alivyofurahi?"

Akaniangalia. "Men det är inte sant." Lakini si kweli.

 Mimi ndiye ninayempigisha magoti kila jioni. Mimi ndiye niliyemfundisha kwamba uongo hata wa kumfurahisha mtu ni uongo. Na sasa mama yangu amesimama mbele ya kanisa zima amemshukuru Mungu kwa magari ya barabara kuu, kwa ajili ya shamba ambalo halipo, kwa sababu ya kamusi yangu. Niliinama nikaokota makombo ya mkate ambayo hayakuwepo.

"Nitamwambia kwenye kaseti," nikasema.

"Hapana," akasema. "Mimi. Ni rekodi yangu."

Sikuthubutu kumgeukia, nisije nikamtisha, kama pale alfajiri na ndege.

Alikataa kurekodia jikoni. Alitaka bibi asikie kwa masikio yake. Jioni ya siku ya pili, jua bado liko juu kama saa tisa ya kwetu, tukapanda kwenye daraja la waenda kwa miguu lililo juu ya barabara kuu. Koti langu niliacha nyumbani. Njiani aliniuliza maneno mawili matatu, barabara kubwa inasemwaje, rangi ya mdomo wa koltrast inasemwaje, akayarudia midomoni. Magari yakawa yanapita chini yetu. Akaninyooshea kidole nibonyeze.

"Bibi," akasema. "Shikamoo."

Akanyamaza.

Nikangoja. Hakuendelea. Nikamwashiria kwa mkono, endelea. Akatikisa kichwa. Nikafikiri ameingiwa na woga, au amesahau, na mkanda unakwenda. Nikamsogelea nikamnong'oneza, "Unangoja nini?"

"Hon måste ju svara," akaninong'oneza kwa hasira. Si lazima kwanza ajibu?

Basi tukamngoja bibi. Tulisimama juu ya daraja lile tunamngoja mtu aliye mbali na sisi bahari na mabara, kwa sababu ameamkiwa na hajaitikia bado. Kwenye mti wa pembeni koltrast aliimba kidogo, akanyamaza, naye akangoja. Baadaye binti yangu akaona imetosha, akashusha pumzi.

"Bibi, hii si mvua. Hii ni magari. Sikia." Akakishusha kipaza sauti ukingoni mwa daraja, akakipandisha. "Magari mingi sana. Sasa njoo."

Tukashuka mpaka karibu na maji, yeye anasema tu wakati wa kutembea, mimi nyuma na mashine. "Sasa hapa ni ndege. Hii ni koltrast. Yeye nyeusi, mdomo njano. Mvua hapana. Na shamba hapana, bibi. Hapa ni nyumba refu. Mama alisema masika. Si masika." Akasita. Nikamwona anatafuta, uso umekunjamana. "Vår ni... Fader vår. Baba yetu. Vår ni yetu. Hapa ni kijiji yetu."

Akaninyooshea kidole nizime.

Ni kweli, neno ni hilohilo. Vår ni yale majira, na vår ni yetu, na mimi hiyo ya pili ndiyo niliyoijua kwanza, kanisani, kabla sijaweza hata kununua mkate kwa Kiswidi. Nilikuwa nimeisali kila siku miaka yote bila kuliangalia jina la kituo chetu cha treni. Baadaye nilimuuliza mwalimu wangu wa jioni nani yuko sahihi, akacheka akasema huenda jina lile halitokani na neno hata moja kati ya hayo mawili. Sijali. Kilichonipata pale majini ni kingine. Kaseti zote nilizomtumia mama, tangu ya kwanza, nilikuwa nasema "huku kwao." Kwao kuna baridi, kwao watu wako hivi, kwao wanakula vile. Na mtoto huyu amesimama na Kiswahili chake kibovu, anasema yetu.

Nilitaka kumsahihisha, kijiji chetu, si yetu. Nikaacha. Nikatuma kaseti vilevile, na safari hii niliomba kabla ya kuituma: Bwana, nyamazisha ua lile.

Jibu lilikuja mwezi wa nane. Niliogopa. Nilifikiria hata kuisikiliza kwanza peke yangu, lakini huo ndio ule uongo mdogo tena, kwa hiyo nikamngoja mtoto arudi kutoka shuleni. Akakaa mbele ya mashine na mkoba bado mgongoni. Akabonyeza mwenyewe.

Mwanzoni hapakuwa na kitu. Kuku mmoja, kwa mbali. Hakukuwa na mashangazi, hakuna majirani, hakuna vigoda. Mama alikuwa amewatoa watu wote, hayo niliambiwa baadaye na mdogo wangu. Nilisikia anavyovuta pumzi.

"Marahaba," akasema.

Akanyamaza.

"Marahaba, mjukuu wangu. Siku ile uliponiamkia niliitikia palepale uliponingoja, mjomba wako shahidi. Ila nikaona hukunisikia. Basi naitikia tena. Marahaba, marahaba." Kuku akalia. "Sauti yako nimeishika. Sitakupita mahali. Magari nimeyasikia pia. Lakini ile ya kwanza, mwambie mama yako, ile ilikuwa mvua. Mimi mvua naijua."

"Bibi mbishi," akasema binti yangu, kwa Kiswahili, kwa mashine. Alikuwa anatabasamu.

"Haya," mama akasema. "Sasa niambie wewe mwenyewe. Habari za hapo kwenu?"

Na mama naye akakaa kimya, anangoja. Mkanda ukawa unakwenda. Shhhh, ilikuwa inasema mashine, ile mvua yake. Nilikuwa nimesimama karibu na sinki na kitambaa mkononi, nikakishika kisichezecheze.

"Nzuri, bibi," akasema mwanangu. Akakisogelea zaidi kipaza sauti, akaeleza kwamba koltrast wameacha kuimba sasa, wameshalea watoto, na kwamba hivi punde wengine wataanza kuondoka.

Kitufe chekundu hakikuwa kimebonyezwa. Sikumwambia.